Muulize Mwalimu: "Mbona setelaiti haianguki?"

*Mama Fundi wa Kisumu anauliza:* Mwalimu, hujambo. Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani mbili karibu na soko la Kibuye. Fizikia niliiacha kidato cha pili. Shule yetu haikuwa na maabara, na mwalimu wa somo hilo alikuwa akija na kupotea. Mwaka 2023, setelaiti ya Kenya, Taifa-1, iliporushwa, kijana wangu aliniuliza mbona setelaiti haianguki. Nikamwambia huko juu hakuna mvutano. Akanijibu, "Basi mwezi unashikwa na nini usiende zake?" Sina jibu hadi leo. Nataka kujifunza fizikia na mambo ya nyota kuanzia sifuri. Nianze wapi, na hesabu nitaziweza? Halafu kuna jamaa anataka kuniuzia darubini, ati inakuza mara 500. Ninunue?

*Jibu:* Darubini usinunue. Nitakueleza sababu hapo chini.

Kijana wako amekubana sawasawa, na ningependa kumwona darasani. Kuhusu kidato cha pili, usijilaumu. Muda wote niliofundisha huku magharibi niliwaona watoto wakiikimbia fizikia pindi tu mtaala unapowapa nafasi ya kuchagua, wakabaki na bayolojia na kemia. Wengi wao walikuwa na akili za kutosha. Walikuwa wameandikiwa fomula ubaoni kabla hawajaona kitu chochote kikitikisika, kikianguka au kikitupa kivuli, na mtu mzima yeyote angekimbia pia. Wewe tuanze na kivuli.

Tafuta fimbo iliyonyooka ya mita moja uisimamishe uani, mahali ambapo mabati ya jirani hayakuzibii jua. Ihakikishe iko wima kwa timazi: uzi wako wa kushonea na nati nzito vinatosha. Kuanzia saa sita mchana, kila baada ya dakika kumi, tia alama ya chaki pale ncha ya kivuli inapofika na uandike saa pembeni. Endelea hadi saa saba na nusu. Kisha toa tepu yako upime vivuli vyote.

Utashangaa. Kivuli kifupi kuliko vyote hakitakuwa cha saa sita. Kwa Kisumu kitaangukia kati ya saa sita na dakika ishirini na tano na saa saba kasoro dakika tano, kutegemea mwezi: katikati ya Februari kinachelewa, mwanzoni mwa Novemba kinawahi. Sababu yake kubwa ni hii. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na mstari huo hauigusi Kenya hata kidogo; unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Kisumu iko kwenye nyuzi 34.75. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, maana yake nyuzi 15 kwa saa, au nyuzi 1 kwa dakika 4. Toa 34.75 kwenye 45, unabaki na 10.25. Zidisha kwa 4: dakika 41. Jua linafika juu ya Kisumu dakika 41 baada ya kupita kwenye mstari ambao saa yako inaufuata. Ukitaka ushahidi mwingine, linganisha kalenda ya Ramadhani ya Mombasa na ya Kisumu. Wenzetu wa huku hufuturu kama dakika 20 baada ya wale wa pwani. Hizo dakika zinazoyumba kati ya Februari na Novemba zinaletwa na mambo mawili: njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4.

Umeona hesabu iliyotumika? Kutoa, kugawanya na kuzidisha.

Iache fimbo hapo na uwe unarudia mara moja moja kwa mwaka mzima. Karibu na tarehe 20 Machi, na tena karibu na 22 Septemba, kivuli cha adhuhuri kitakwisha kabisa, kwa sababu Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mwishoni mwa Juni jua litakuwa upande wa kaskazini na fimbo yako ya mita moja itatupa kivuli cha sentimita 43 hivi kuelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba mambo yanageuka, kivuli ni kilekile ila kinaelekea kaskazini. Mtu wa London anaweza kukaa na fimbo yake hadi azeeke, hataona hata siku moja ikikosa kivuli. Ni kwa kivuli cha namna hii mwanazuoni Eratosthenes, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita huko Misri, alipima mzingo wa dunia nzima. Alijua kwamba adhuhuri ya siku moja katikati ya mwaka jua husimama utosini kule Aswan, na siku hiyohiyo Alexandria limeinama nyuzi 7.2, yaani sehemu moja ya hamsini ya duara. Basi akachukua umbali kati ya miji hiyo miwili akauzidisha mara 50.

Sasa twende kwa kijana.

Kitu chochote ukikiachilia, kama upepo na hewa havikizuii, huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Kizito au chepesi, ni mamoja. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachilia nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa mwezini, mahali pasipo na hewa, navyo vikatua pamoja (huko vilianguka polepole, maana mvutano wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya wetu). Mwanafizikia Newton alijiuliza: huu mvutano unaoangusha embe, unafika mwezini? Alishuku kwamba hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili unabaki na robo, mara tatu unabaki na sehemu moja ya tisa.

Chukua penseli. Kutoka katikati ya dunia hadi hapo uliposimama ni kilomita 6,371. Hadi mwezini ni kilomita 384,400. Gawanya, unapata mara 60 na kidogo. Sitini mara sitini ni 3,600. Kwa hiyo kule mwezini mvutano wa dunia unapaswa kuwa dhaifu mara 3,600. Mita 4.9 ni milimita 4,900. Gawanya kwa 3,600 unapata 1.36. Kama Newton yuko sahihi, mwezi unaanguka kuja kwetu milimita 1.36 kila sekunde.

Je, unaanguka kweli? Mwezi unakwenda mita 1,022 kwa sekunde. Kama ungeachiwa uende moja kwa moja, kila sekunde ungekuwa unaiacha njia yake ya mviringo. Ni kiasi gani unachovutwa ili usiiache? Fomula ni fupi: mwendo mara mwendo, gawanya kwa umbali uliozidishwa mara mbili. Andika kwenye kikokotoo cha simu 1,022 mara 1,022, kisha ugawanye kwa 768,800,000 (umbali wa mwezi kwa mita, mara mbili). Utapata mita 0.00136, ambayo ni milimita 1.36. Njia mbili tofauti, jibu moja. Mimi nimewafanyia wanafunzi hesabu hii tangu chaki hadi projekta, na bado hunisisimua.

Kwa hiyo mwambie kijana: mwezi unaanguka, saa hii, usiku na mchana, ila una mwendo wa kando unaoufanya uikose dunia kila mara. Setelaiti nayo ni hivyohivyo. Kwenye urefu wa kilomita 500, mvutano bado ni asilimia 86 ya huu wa hapa Kibuye, kwa hiyo lile jibu la "hakuna mvutano" tulifute. Setelaiti ya urefu huo inakwenda kilomita 7.6 kwa sekunde. Katika sekunde hiyo inaanguka mita 4.2, na kwa mwendo huo njia yake ya mviringo imejipinda kuelekea chini mita 4.2 zilezile. Inabaki palepale juu. Kazi kubwa ya roketi ni kuipa ule mwendo wa kando. Kuipandisha tu ni sehemu ndogo. Ndiyo sababu watu wa roketi wanaipenda ikweta, maana ardhi ya hapa kwetu tayari inakimbia kuelekea mashariki karibu kilomita 1,670 kwa saa. Na mkumbushe kijana kwamba mambo haya hayakuanza na Taifa-1: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setelaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zinazotoka angani.

Ukishaifanya hesabu ya mwezi kwa mkono wako mwenyewe, kwenye daftari lako, njia iliyobaki ni ya kufuata tu. Nenda kwa wauza vitabu vya mitumba ununue vitabu vya fizikia vya kidato cha kwanza na cha pili vya mtaala wa zamani, havina bei. Soma mwendo kwanza, kisha kani, kisha nishati. Mawimbi na mwanga baadaye, umeme baada ya hapo. Mashimo meusi na mambo ya chembe ndogo yaache mwaka wa kwanza upite. Najua ndiyo yaliyojaa kwenye video, na najua yanavutia, lakini mtu anaweza kutazama video hizo miaka mitano asiweze kukueleza kwa nini embe linaanguka. Fanya maswali ya mwisho wa sura. Yote. Kurasa nne zenye maswali yaliyojibiwa ni bora kuliko kitabu kizima ulichokisoma ukiwa umelala kitandani.

Hesabu utakazohitaji ni uwiano, vipeo, kugeuza fomula, grafu, na trigonometria ya pembetatu ya mraba. Wewe unayekata sketi ya nusu duara kwa kipimo cha kiuno tu, uwiano unao tayari. Vitabu ni vya Kiingereza. Ukikwama, kijana ndiye aliyeanzisha, akae akusaidie. Ukiendelea hadi ukamaliza vya kidato cha nne, OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Marekani, hutoa vitabu vya fizikia na astronomia bure kwenye intaneti. Programu ya Stellarium nayo ni ya bure, itakuonyesha ni nyota gani iko juu ya paa lako usiku huu.

Darubini sasa. "Mara 500" ni maandishi ya sanduku. Kanuni ni kwamba ukuzaji wenye maana hauzidi mara mbili ya upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Hizo zinazotembezwa kwa kawaida ni za milimita 50 au 60, kwa hiyo zikizidi mara 120 unakuza ukungu. Miguu yake nayo hutetemeka ukiigusa. Ukiwa na pesa, tafuta darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50 (inakuza mara 7 au 10, lenzi zake za mbele ni za milimita 50). Ukiiegemeza vizuri ukutani utaona mashimo ya mwezini, Kilimia itafunguka iwe nyota nyingi, na kando ya sayari ya Mshtarii (Jupiter) utaona vinukta, yaani miezi yake, vinavyobadilisha nafasi kila usiku. Hivyo ndivyo Galileo alivyoviona Januari 1610, vinne. Kamwe usiielekeze kwenye jua, na kama yule jamaa ana kichujio cha jua cha kufungwa kwenye jicho la darubini, kitupe. Vile hupasuka kwa joto na jicho halina spea.

*Mpishi wa Kaptembwo, Nakuru:* Nilihama kutoka Mombasa nikafungua kibanda cha chakula hapa Nakuru. Maharagwe niliyokuwa nikiyaivisha kule bila shida, hapa yananimalizia makaa. Naongeza moto, maji yanachemka kwa fujo, wapi! Ni maharagwe au ni maji ya huku?

*Jibu:* Ni hewa. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushindana na uzito wa hewa iliyo juu yake. Ukipanda, hewa inapungua, na maji yanachemka mapema yakiwa hayajapata moto wa kutosha. Kwa makadirio, kila mita 300 unazopanda hupunguza nyuzi 1. Mombasa ni nyuzi 100, Kisumu kama 96, Nakuru yenye mita 1,850 ni kama 94, na ukifika Timboroa ni kama 91. Nyuzi sita ni nyingi kwa punje ya maharagwe.

Lakini hapo kwenye makaa ndipo pesa yako inapotea. Maji yakishachemka, hata uyawekee tanuri chini, joto lake haliongezeki. Moto wa ziada unageuka kuwa mvuke tu. Yakianza kuchemka, punguza moto yaendelee kutokota taratibu na ufunike. Loweka usiku kucha. Na kama kibanda kinalipa, nunua sufuria ya presha: inaufungia mvuke ndani, presha inapanda, na maji yanafika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Itakurudishia bei yake kwa makaa.

*Mlinzi wa usiku, Kakamega:* Kuna nyota kubwa huonekana magharibi jua likizama, nyeupe, haimetimeti. Ikifika saa tatu haipo. Miezi kadhaa baadaye naiona upande wa mashariki alfajiri. Wenzangu wanasema ni setelaiti ya kupeleleza.

*Jibu:* Ni Zuhura, sayari. Inalizunguka jua kwa ndani ya njia yetu, kwa hiyo tukiitazama kutoka hapa haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47. Gawanya kwa 15, unapata saa tatu na kidogo: huo ndio muda wa juu kabisa inaoweza kubaki baada ya jua kuzama, au kutangulia kabla halijachomoza. Usiku wa manane huwezi kuiona, uwe mlinzi wa zamu gani. Haimetimeti sana kwa sababu iko karibu na nuru yake inatoka kwenye kiduara kidogo, wakati nyota za kweli ziko mbali mno, kila moja ni nukta tu inayotikiswa na hewa. Setelaiti utaitambua kwa mwendo: inavuka anga kwa dakika chache, na mara nyingine inazimika katikati ya safari kwa kuwa imeingia kwenye kivuli cha dunia.

*Mwanafunzi wa chuo, Maseno:* Kwenye bango la ikweta (sitasema lipi) kuna jamaa aliyetutoza pesa akatuonyesha maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Ni kweli?

*Jibu:* Kuzunguka yalizunguka. Ikweta haikuhusika. Nguvu ya mzunguko wa dunia ipo kweli, na ndiyo inayozungusha vimbunga vikubwa, lakini kwenye ikweta yenyewe haiyasukumi maji kushoto wala kulia, na hatua ishirini kando yake ni ndogo mno kuliko mtikisiko wa mkono wa huyo jamaa. Yeye huyazungusha anapomimina au anapogeuka na beseni. Rudi umwombe umimine wewe, uache maji yatulie saa nzima kabla ya kuzibua tundu. Jambo la kweli ni kubwa kuliko mchezo wake: kwa kuwa nguvu hiyo ni hafifu karibu na ikweta, vimbunga vya baharini ni nadra sana kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 kutoka kwenye mstari. Dhoruba za Ziwa Victoria huua wavuvi, lakini zile ni za ngurumo na upepo wa ghafla, jamii nyingine.

*Mchuma chai, Kericho:* Ngurumo zikianza tukiwa shambani, msimamizi husema bado ziko mbali. Nitajuaje?

*Jibu:* Mwanga hukufikia papo hapo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde tatu. Ukiona umeme, anza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha ugawanye kwa tatu. Sekunde 15 ni kilomita 5. Ikiwa umehesabu chini ya 30, iko karibu vya kutosha kukupata, hata kama juu yako hakuna wingu jeusi. Weka kikapu chini uingie ndani ya nyumba au gari, si chini ya mti, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Msimamizi naye mfundishe kuhesabu.